Utamu usio wa sukari: mwongozo kamili wa kuonja bia za Kibelgiji

Dubbel yangu ya kwanza, bia nyeusi ya Kibelgiji, niliipika jikoni, lita 20, kwenye sufuria kubwa ya pilau. Ilitoka vizuri, ila kwa ulimi wangu haikuwa tamu vya kutosha. Nilipopika tena nikaongeza kilo nzima ya sukari, nikaziba ndoo, nikasubiri wiki tatu, nikaweka kwenye chupa. Siku ya kufungua nikapata bia kavu kuliko ile ya kwanza, nyepesi kinywani, inayochoma koo kama gongo. Kilo ile yote haikuacha hata dalili ya sukari.

Ukielewa kilichotokea ndani ya ndoo ile, umeshaelewa nusu ya bia za Ubelgiji. Nusu iliyobaki iko kwenye glasi, na inataka kuonjwa kwa utaratibu.

Kwanza tuelewane maneno

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa. "Tamu" ni ya asali, na ni ya nyama choma vilevile. Mtu akikwambia bia hii tamu, hujui kama anaisifu au anakueleza ladha yake. "Kali" nayo imebebeshwa mzigo wa watu wanne: limau kali, pilipili kali, dawa kali, pombe kali. Kabla hujafungua chupa, tenganisha mambo haya.

Utamu ni wa sukari, basi. Unafika upesi, unaondoka upesi. Uchungu ni wa shubiri na mwarobaini: unachelewa kufika, na ukifika hauna haraka ya kuaga. Uchachu ni wa ukwaju na maziwa ya mgando. Ukakasi ni ule wa bibo au ndizi mbichi, kinywa kinakauka na ulimi unakwaruza. Ukali wa kilevi ni joto linaloshuka kifuani. Halafu kuna ukavu, ambao si ladha hasa: umemeza, unatazamia utamu ubaki, haubaki. Watu wengi wakikutana na ukavu husema bia ni chungu, na mazungumzo yote yanaharibikia hapo.

Na ile ramani ya ulimi tuliyochorewa shuleni, utamu kwenye ncha na uchungu nyuma, isahau. Ulimi mzima unahisi ladha zote.

Hatua ya 1: anza na toniki

Nunua chupa mbili za toniki, zenye sukari, si za "sifuri". Toniki ina kwinini, ile ile ya dawa ya malaria lakini kidogo mno, na ina sukari kuliko wengi wanavyodhani: soma lebo, nyingi ziko kati ya gramu 5 na 9 kwa kila mililita 100. Usiku mimina chupa moja kwenye jagi, ikoroge, iache wazi kwenye friji mpaka asubuhi. Kisha fungua ya pili, nayo ikiwa na baridi ile ile, na uzionje moja baada ya nyingine.

Iliyolala wazi ni sharubati. Mpya inakata. Sukari ni ile ile, kwinini ni ile ile, kilichotoka ni gesi tu. Gesi ikiwa ndani ya maji huleta asidi kidogo na kile kichomo cha ulimini, na hivyo viwili hufunika utamu.

Sasa iache ile iliyolala mezani mpaka ipoteze baridi, uonje tena. Imezidi kuwa tamu. Baridi nayo inaficha utamu. Umeshajifunza mawili kati ya mambo matatu makubwa yanayobadilisha utamu bila hata tone la bia, na mtoto wa nyumbani anaweza kulifanya jaribio hili pamoja nawe.

Hatua ya 2: ifuate sukari ilikokwenda

Bia inaanzia kwenye kimea cha shayiri. Ukikiloweka kwenye maji ya moto, wanga wake unageuka sukari za aina mbalimbali. Nyingine hamira inazila zote. Nyingine ni minyororo mirefu, dekstrini, ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuitafuna. Hizo dekstrini ndizo zinazobaki kwenye bia, lakini zenyewe karibu hazina utamu. Kazi yake ni kuipa bia uzito kinywani, kama tofauti ya uji mwepesi na uji mzito.

Sukari ya mezani ni kitu kingine kabisa. Hamira inaila yote, haisazi. Ndiyo maana kilo yangu kwenye lita 20 iliongeza kilevi kwa asilimia 2.5 hivi na haikuongeza utamu wowote. Tena ilizidisha kilevi bila kuongeza uzito, kwa hiyo bia ikaonekana nyepesi na kavu.

Wapikaji wa Ubelgiji wanafanya hivyo kwa makusudi. Kwenye tripel, bia ya dhahabu yenye kilevi kikubwa, sukari huwa kati ya asilimia 10 na 20 ya kile ambacho hamira inakula. Nia yao ni bia yenye nguvu nyingi ambayo bado inanyweka, isiyokinaisha. Linganisha bia mbili zinazoanza sawa kwenye haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika: 1.080 (maji matupu ni 1.000). Tripel inaweza kushuka mpaka 1.010. Doppelbock ya Kijerumani, isiyotiwa sukari, ikaishia 1.020. Ya Kijerumani ina kilevi pungufu na ni nzito na tamu zaidi. Aliyetia sukari ndiye mwenye bia kavu.

Kuna sukari ya pili, kandi nyeusi, iliyopikwa mpaka ikaungua kidogo. Hii inatiwa kwenye dubbel na ndugu zake weusi. Hamira inakula sehemu kubwa, lakini inaacha rangi na harufu: zabibu kavu, tende, karameli, sukari guru iliyoanza kushika sufuria. Pua ikinusa tende, ubongo unaandika "tamu" kabla ulimi haujasema kitu.

Hilo la pua ndilo la tatu kati ya makubwa, na ndilo linalowapoteza hata wazoefu. Hamira za Kibelgiji zina pupa ya kula na zina ufundi wa manukato: ndizi mbivu, peasi, karafuu, pilipili manga. Katika bia ya aina hii huenda kusiwe na tone la ndizi wala punje ya karafuu, vyote vimetengenezwa na hamira. Harufu ya tunda bivu inaleta utamu wa kudhaniwa. Karafuu na pilipili manga zinavuta upande wa pili, zinafanya kinywa kikauke.

Hatua ya 3: uchungu unatoka wapi

Chanzo kikuu ni hopsi, maua ya mmea unaopanda juu ya kamba. Nchini Ubelgiji mmea huo unalimwa sana upande wa Poperinge, Flanders ya Magharibi. Asidi zake chungu haziingii vizuri kwenye maji mpaka zichemshwe, na saa nzima ya kuchemka ndiyo desturi. Ukitia hopsi dakika za mwisho unapata harufu nyingi na uchungu kidogo. Wachaga wana mantiki iyo hiyo kwenye mbege: magome ya msesewe ndiyo yanayoleta uchungu wa kuukabili utamu wa ndizi.

Kipimo cha uchungu ni IBU, takriban miligramu moja ya asidi hizo katika lita. Witbier, bia ya ngano, kwa kawaida ni 8 hadi 20, dubbel 15 hadi 25, saison (bia kavu ya mashambani) na zile nyeusi nzito 20 hadi 35, tripel 20 hadi 40. IPA ya Kimarekani, bia ya hopsi nyingi, huanzia 40 na kupanda hadi 70. Kwa karatasi tu, basi, bia za Kibelgiji si chungu. Lakini IBU 30 ndani ya bia iliyokauka, yenye gesi nyingi, inasikika kuliko IBU 30 ndani ya bia nzito yenye masalia ya sukari. Namba hiyo peke yake haikusaidii; iulize kila mara imekaa pamoja na nini.

Vyanzo vingine vya uchungu ni vidogo: kimea kilichokaangwa sana, ganda la chungwa kwenye witbier, na mashapo ya hamira yaliyotulia chini ya chupa. Haya mashapo usiyapuuze. Ukimimina chupa ya dubbel mpaka tone la mwisho, glasi ya mwisho itakuwa na uchungu wa hamira ambao mpikaji hakuukusudia. Acha kama kidole kimoja ndani ya chupa.

Na kilevi? Kidogo kinasikika kama utamu, kikizidi kinachoma. Bia za Ubelgiji zina nguvu kwa sababu za kihistoria pia. Sheria ya mwaka 1919, inayojulikana kwa jina la waziri Emile Vandervelde, ilizuia pombe za kukeneka, jini na wenzake, kuuzwa kwenye mabaa. Waliozikosa wakahamia kwenye bia nzito. Watawa wa Westmalle wakatoa tripel yao mwaka 1934, wakaifanyia marekebisho mwaka 1956, na mpaka leo ni asilimia 9.5.

Hatua ya 4: soma chupa

Lebo ya Kibelgiji ni nadra kukupa IBU, lakini ina mengine. Angalia asilimia ya kilevi. Kisha tafuta neno suiker (Kiholanzi) au sucre (Kifaransa) kwenye viungo. Likiwepo kwenye bia ya rangi ya dhahabu yenye kilevi cha 8 au 9, tegemea ukavu. Msomaji asiyejua siri hii ataliona neno hilo na kutegemea soda.

Kwenye bia za matunda mambo yanageuka. Kriek ni bia ya cheri inayotokana na lambiki, bia ya bonde la Senne na Pajottenland karibu na Brussels, inayochachushwa na vijidudu vya hewani na vya kwenye mapipa. Hopsi zake ni kuukuu, zimepoteza uchungu, zinatiwa kwa ajili ya kuhifadhi tu. Lebo ikisema Oude Kriek au Oude Geuze, hilo "Oude" linalindwa na sheria ya Ulaya na maana yake kwa mnywaji ni moja: chachu na kavu. Kriek isiyo na neno hilo, mara nyingi imetiwa sukari au vitamu vingine mwishoni, baada ya hamira kumaliza kazi au kuzuiwa isiendelee. Hapo ndipo utamu wa sukari kweli unapopatikana, na ni mlango mzuri kwa anayeanza, usimcheke mtu.

Msomaji wa Bukavu au Bujumbura asidhani nimeisahau Primus. Ilianzia Léopoldville (Kinshasa ya leo) enzi za Wabelgiji, lakini ni lager; haimo kwenye ukoo tunaouzungumzia.

Hatua ya 5: panga meza

Chagua bia tano, kwenye mabano ni asilimia ya kilevi: Saison Dupont (6.5), Westmalle Tripel (9.5), Westmalle Dubbel (7), Rochefort 10 (11.3) na Orval (6.2). Ukikosa moja, tafuta ya mtindo huo huo kutoka abasia au kiwanda kingine. Mililita 60 za kila moja zinatosha watu wawili kubishana jioni nzima. Chupa moja ndogo ya Rochefort 10 ina kilevi cha chupa moja na nusu ya bia ya nusu lita ya asilimia 5, kwa hiyo panga na usafiri wa kurudi nyumbani.

Glasi iwe na mdomo unaobana kidogo, isiyo na harufu ya sabuni wala ya kitambaa. Saison na tripel zitoke kwenye friji dakika 10 kabla ya kuonja, dubbel na Orval dakika 20, Rochefort dakika 30. Pembeni weka maji na mkate mkavu. Kashata na halua ziweke mbali. Anayekunywa kahawa chungu barazani anajua sababu: tonge la halua linalifanya fundo linalofuata liwe chungu maradufu. Bia nazo hufanyiana hivyo, na ndiyo maana tunakwenda kutoka kavu kwenda nzito. Ukianza na Rochefort kisha ukarudi kwenye saison, saison itaonekana imekosewa.

Hatua ya 6: onja kwa pumzi tatu

Fundo la kwanza usilipe alama, ni la kusuuza kinywa. Fundo la pili, bana pua. Kweli, ibane kwa vidole. Zungusha bia kinywani, meza, usiachie bado. Unachohisi sasa ni kazi ya ulimi peke yake: utamu halisi, uchungu, uchachu. Kisha achia pua na utoe pumzi. Ndizi, karafuu, tende, vyote vinarudi kwa mkupuo. Tofauti kati ya kabla na baada ndiyo utamu wa kudhaniwa. Fundo la tatu kunywa kawaida, kisha hesabu polepole mpaka 20, uone nini kimebaki cha mwisho.

Saison Dupont, kutoka kijiji cha Tourpes, Hainaut, ukibana pua ni kavu kama kibanzi. Ukiachia, inakuja limau na pilipili. Uchungu unabaki mpaka hesabu iishe, kwa sababu hauna kitu cha kuuzuia.

Westmalle Tripel ndiyo mwalimu wangu. Pua wazi, ningeapa ina asali. Pua imebanwa, asali inatoweka, unabaki uchungu safi na joto la kilevi. Rudia mara mbili au tatu. Nimewafanyia wageni mchezo huu na kila mmoja amenyanyua glasi kuitazama, kana kwamba imebadilishwa.

Dubbel inafanya kinyume kidogo. Pua imebanwa bado kuna utamu fulani, wa kimea, na uchungu hafifu sana. Pua ikifunguliwa zinakuja zabibu kavu na chokoleti. Mwisho wake ni mkavu kuliko rangi yake inavyoahidi, na hapo ndipo dubbel nzuri inapojitenga na dubbel za kukinaisha.

Rochefort 10 ina kila kitu kwa wingi, na kwa bia hii utamu ni halisi kwa sehemu. Usisumbuke kuichambua sana. Tazama jambo moja: hesabu yako ikifika 10, joto la kilevi linapanda na kufuta utamu, na ndicho kinachokufanya utake fundo jingine. Hopsi hapa zimekaa nyuma kabisa. Kilevi na gesi vimeshika nafasi yake.

Orval nimeiacha mwisho kwa makusudi, japo inavunja utaratibu wa kutoka kavu kwenda nzito. Sukutua kinywa, kula mkate, pumzika robo saa. Wapikaji wa abasia ya Orval, mkoa wa Luxembourg wa Ubelgiji, huiloweka na hopsi tena ikiwa baridi, kisha wanaitia hamira ya mwitu, Brettanomyces, ambayo inaweza kuzitafuna hata zile dekstrini. Kwa hiyo inazidi kukauka ndani ya chupa mwezi hadi mwezi. Lebo ina tarehe ya kuwekwa chupani, itazame. Ikiwa changa, miezi mitatu au minne, uchungu wa hopsi uko mbele. Ikiwa ya mwaka na nusu, uchungu umefifia lakini bia ni kavu zaidi, ina harufu ya ngozi na zizi la farasi. Wengi huonja hiyo kuukuu na kusema imezidi kuwa chungu, wakati uchungu umepungua. Hapo ndipo utajua kama lile somo la ukavu limekuingia.

Hatua ya 7: bia moja, hali tatu

Jioni nyingine, chukua chupa mbili za tripel ile ile. Glasi A, baridi ya friji. Glasi B, iliyokaa mezani dakika 40. Glasi C, iliyokaa muda huo huo lakini umeimwagia kwenye kikombe kingine na kurudisha mara kumi mpaka povu liishe nguvu, kama muuza chai anavyopoza. A itakuwa kavu na isiyo na harufu. B itakuwa na asali na ndizi. C itakuwa sharubati yenye pombe, na utaelewa kwa nini wapikaji hawa wanapandisha gesi mpaka lita 3 au hata 4 ndani ya kila lita ya bia, wakati lager ya kawaida iko karibu 2.5.

Kwa mgeni anayelalamika kwamba tripel ni tamu mno, kabla hujambadilishia bia, mpe yenye baridi zaidi na umiminie kwa upole ili gesi isitoroke. Anayelalamika kwamba ni chungu, mwambie aishike glasi kwa viganja viwili, asubiri dakika kumi.

Kwa anayepika mwenyewe

Ukitaka utamu zaidi, usiongeze sukari. Pandisha joto la kuloweka kimea kutoka nyuzi 64 hadi 67 au 68, dekstrini zitaongezeka. Au punguza sukari na uweke kimea cha karameli kidogo, au chagua hamira isiyo na pupa. Ukitaka kavu, fanya kinyume, na sukari itie hamira ikiwa imeshaanza kazi ili isilewe mapema. Hopsi chagua zisizopiga kelele, Saaz au Styrian Golding. Dubbel yangu ya tatu ilikuwa na gramu 600 za kandi nyeusi mahali pa kilo ile, na kimea kililowekwa nyuzi 67. Nilipoionja nikiwa nimebana pua, safari hii kulikuwa na kitu.

Na ukipikia nyama

Wabelgiji wana mchuzi wa nyama ya ng'ombe unaoiva kwa bia polepole, stoofvlees. Uchungu wa hopsi haukauki na maji. Mchuzi ukipungua nusu, uchungu unajikusanya, huku gesi na sehemu ya kilevi vikiwa vimeondoka. Tumia dubbel au bia nyingine nyeusi yenye uchungu mdogo. Kamwe usitie Orval changa. Wapishi wa kule hufunika uchungu uliobaki kwa kipande cha mkate mtamu wa viungo kilichopakwa haradali, kinayeyukia humo humo kwenye mchuzi. Ukikosa mkate huo, kijiko kimoja cha sukari guru kinatosha. Na hapa sukari inaleta utamu kweli, maana hakuna hamira iliyobaki hai ya kuila.